Shule ya Tatu ya Eva

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umekishika kijiji cha Tlawi, lakini benchi la kahawa la mama Marieta lilikuwa limejaa. Mzee Qamara, wanayemwita Komredi, alikishika kikombe bila kunywa. Binti yake alikwenda Arusha kutafuta kazi, akamwachia wajukuu wawili: Eva wa darasa la pili na Tito wa chekechea. Eva alianza shule Basotu, wakahamia Katesh na mama yao, sasa wako hapa kwa babu. Na Eva anachelewa darasani kila siku, tena hafungui mdomo.

— Ni maji, Komredi, alisema Margwe, aitwaye Daktari tangu alipomchoma ng'ombe sindano akapona. Basotu maji yana chumvi. Haya yetu yamemfunga ulimi.

— Maji gani! alidakia Herman, ambaye kijiweni ni Waziri. Ni mlima. Mtoto kapanda na gari, maneno yanakuja kwa miguu. Haraka haraka haina baraka.

— Yakifika? Daktari aliuliza.

— Atakuwa mbunge!

Walicheka. Qamara hakucheka. Nyumbani Eva anaamkia, anaosha vyombo, kisha kimya.

— Mhamishe tena, Daktari alishauri. Dawa ya moto ni moto.

Mwalimu Fausta, mgeni pale kijijini, alikuwa anapita kwenda shuleni. Akasimama.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwalimu.

— Nimesikia mkimtaja Eva. Mimi nafundisha chekechea. Yule hachelewi, anafika wa kwanza. Ila Tito hulia akiachwa, basi dada yake anakaa naye, anamfuta machozi, anamwimbia hadi atulie. Ndipo anakimbilia darasani kwake.

— Anaimba? Qamara aliuliza.

— Vizuri sana. Hata wanafunzi wangu wengine wageni siku hizi wanamkimbilia yeye kabla yangu.

— Loo, mama Marieta alisema, huyo si mtoto, huyo ni mama wa watu.

Hata Waziri alivua kofia.

— Sasa niwaulize, wazee wangu, alisema Fausta. Eva naye akitaka kulia, anamlilia nani?

Daktari alitazama ukungu. Waziri akazungusha kofia.

Qamara akaweka kikombe chini, akaongozana na mwalimu. Wakamkuta Eva mlangoni mwa chekechea, kampakata Tito.

— Babu, umekuja kumwangalia Tito?

— Hapana, mjukuu wangu. Nimekuja kukuona wewe.

Eva akamkabidhi mwalimu mdogo wake, akaficha uso kwenye shuka la babu yake, akalia kwa sauti, kama mtoto.