Torbjørg Sjåvåg, Mkaguzi wa Uyoga wa Notodden

Mchungaji, ndugu wa karibu na wa mbali, majirani, Ingunn, binti wa marehemu, ameniomba mimi Sigurd, mtoto wa kaka yake, nisome habari za maisha ya shangazi yangu Torbjørg, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda maneno ya kupamba, nitayasema yalivyokuwa, na yale machungu pia, maana nusu yenu mnayajua na nusu mmekuwa mkiyanong'ona.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 huko Tuddal, mtoto wa tatu wa mzee Gunleik na mama Aslaug, wakulima, katika nyumba ambamo uyoga uliitwa chakula cha ng'ombe. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tuddal kuanzia mwaka 1951 hadi 1958, baadaye akajifunza Oslo ufundi wa kutengeneza meno ya bandia, akahitimu Juni 1965, na kazi hiyo akaifanya hapa Notodden hadi alipostaafu mwaka 2006, na wazee kadhaa waliomo humu ndani watatafuna mkate wa matanga leo kwa kazi ya mikono yake.

Tarehe 27 Juni 1970 alifunga ndoa na Olav Sjåvåg, fundi wa reli, wakajaliwa mtoto mmoja, Ingunn, mwaka 1973. Olav ndiye aliyemwambukiza mapenzi ya kuokota uyoga, wakaenda mafunzo pamoja, lakini mwaka 1978 mtihani wa ukaguzi akaufaulu mke, mume akafeli, na tangu hapo kila Jumapili ya vuli shangazi alikaa nyuma ya meza ya kukunja pale kwenye maegesho ya magari, watu wakimwaga vikapu vyao mbele yake awaambie uyoga upi unalika, naye akikuta uyoga mmoja wa sumu alitupa kikapu kizima, awe nani mwenye nacho, na mama yangu, kikapu chake kilipotupwa, aliwahi kununa hadi Krismasi.

Olav alifariki Novemba 1994 kwa moyo, na majira ya baridi yaliyofuata shangazi alikaa peke yake akiwawaza watu wa pale mezani, yule anayeficha uyoga mmoja mfukoni, mke na mume wanaosukumiana lawama juu ya aliyeokota nini, na kutokana na hao akaandika hadithi ya mauaji, ya aina ile tunayosoma sote wakati wa Pasaka kwenye vibanda vyetu vya milimani huku tukimenya machungwa, yenye maiti mmoja tu, kahawa nyingi, na bibi mkaguzi wa uyoga anayemnasa muuaji kwa kutazama vikapu. Kitabu kilitoka Februari 1998, na Notodden nzima ilikisoma.

Uyoga alioutumia ni ule wa kahawia wenye kichwa kilichochongoka, ambao hauui haraka, mtu huula akakaa siku kadhaa mzima kabisa huku figo zinakwisha kimyakimya, na ndivyo alivyoandika kwanza, lakini mhariri wake akamwambia, "Torbjørg, msomaji hawezi kungoja wiki nzima, muue kabla ya kahawa." Naye, ambaye kwa miaka ishirini hakumwonea mtu haya pale mezani, akakubali, akamwangusha mkurugenzi wa benki uso ndani ya sahani, ukurasa wa 212, nasi tulicheka sana.

Septemba 1999 Asbjørn Kleppen wa ng'ambo ya mto, dereva wa mashine za msituni, alipika uyoga aliouokota mwenyewe bila kuupeleka ukaguliwe, akala peke yake kwa kuwa mkewe Ragna hapendi uyoga, na kesho yake Ragna alipoona kichwa kilichochongoka kwenye mabaki akamwambia waende hospitali, Asbjørn akacheka. "Acha hizo, Ragna, ingekuwa sumu si ningekuwa nimeshaanguka kwenye sahani kama yule wa benki?" Alikwenda siku ya saba, figo hazikuwepo tena, akaishi kwa mashine ya kusafisha damu, akafa tarehe 20 Aprili 2000, Alhamisi kabla ya Pasaka. Madaktari walisema pengine angewahiwa, pengine asingewahiwa.

Ragna alikuja mlangoni kwa shangazi baada ya mazishi, hakutaka kuingia, akauliza neno moja tu, "Ulijua?" Shangazi akamjibu, "Nilijua." Basi, Ragna akageuka akaenda zake.

Hakuandika tena. Alimwomba mchapishaji asikichape tena kitabu, na popote alipokikuta, kwenye duka la mitumba au kwenye kibanda cha watu waliomkaribisha chakula, alitoa kalamu akaandika ukurasa wa 212, "Huu ni uongo wangu, sumu hii hungoja, nenda hospitali leo," nasi ndugu zake tuliona aibu, Mungu atusamehe.

Vuli ya mwaka 2009 Ragna, asiyependa uyoga, alisimama kwenye foleni na kikapu, shangazi akaugeuza mmoja mmoja, Ragna akauliza, "Wote?" akajibiwa, "Wote mzuri," na ikawa hivyo kila mwaka, pasipo neno la ziada.

Mwaka 2021 macho yake yalianza kufifia, kisha ikaja saratani ya kongosho, na Septemba iliyopita, shangazi akiwa kitandani kwenye nyumba ya wazee, Ragna alimpelekea kikapu huko huko, nami nilikuwepo, na macho ninayo, ulikuwa uyoga mzuri wa manjano usio na doa. Shangazi aliupapasa, akaunusa. "Sioni tena, Ragna. Tupa." Ragna akautupa wote, akavuta kiti, akaketi, na tangu siku ile alikuja kila alasiri, hadi tarehe 9 Novemba marehemu alipokata roho, mkono wake mikononi mwa Ragna.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa, mafundi wenzake wa meno, na wakaguzi wenzake ambao Jumapili walimwachia kiti chake wazi. Ragna, umekaa benchi la nyuma, Ingunn anakuomba uje mbele, ukae na familia.

Pumzika kwa amani, shangazi, meza tumeshaikunja.