Mzee Aliyekataa Kunawa

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena na ninyi wa mabenchi ya nyuma, maana sijawasikia vizuri!

Naitwa Minza. Wengi mnanijua kwa ugali na dagaa pale karibu na stendi, hapa hapa Bariadi. Tena mnanijua kwa kupenda kujua mambo ya watu. Msicheke, ni kweli! Mteja akikaa kwenye benchi langu, kabla hajamaliza sahani nimeshajua ametoka wapi, anakwenda kwa nani na kwa nini mke wake amenuna. Hivyo ndivyo nilivyo, na leo nasimama kushuhudia kwamba Mungu alipotaka kunifungua alinishika hapo hapo kwenye udadisi wangu.

Kipindupindu kilipoingia, bwana afya alipita akafunga vibanda vyote vya chakula. Alifanya sawa. Lakini mimi, ndugu zangu, niliingiwa na hofu ambayo haikuwa ya kawaida. Niliacha kusalimiana na watu. Jirani akibisha hodi, namjibu nikiwa ndani, mlango umefungwa. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu na chakula hakishuki. Niliomba, lakini hata kuomba kwenyewe nilikuwa naomba kwa haraka kama mtu anayekimbia mvua.

Akina mama wa kanisa wakaja kuazima sufuria yangu kubwa. Walitaka kuwapikia wale wanaolala kwenye baraza la godauni la pamba, watu wasio na kwao, ambao siku zote walikula mabaki ya vibanda vyetu. Vibanda vimefungwa, watakula nini? Nikawaambia sufuria yangu haiendi mahali nisipopajua. Basi nikaenda nayo. Sitawadanganya kwamba nilisukumwa na huruma. Nilitaka kuona.

Nikajipa ukubwa siku ile ile ya kwanza. Nilimwaga majivu chini, mstari mrefu, nikasema mtu asiuvuke. Upande wao niliweka ndoo yenye koki, maji yametiwa dawa, na sabuni. Nikatangaza: "Asiyenawa hali!" Sahani nikiijaza naiweka mezani, kisha naisukuma kwa mwiko mrefu mpaka imfikie mwenyewe. Ndiyo, kwa mwiko! Kutoa chakula nilitoa, lakini mkono wangu sikumpa mtu.

Watu walinawa wakala, isipokuwa mzee mmoja. Mrefu, amekonda, ana fimbo ya kuchungia. Alifika, akaitazama ndoo, akatutazama sisi, akageuka akaondoka. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilimwona anajikongoja, fimbo inatetemeka, na bado akaitazama ndoo akageuka. Mtu mwenye njaa anaacha ugali wa moto kwa sababu ya maji! Kwa nini?

Hapo udadisi ukaniwaka. Nikawauliza akina mama. Mmoja akasema huyo ni mganga, sabuni itaharibu dawa zake. Mwingine akasema ana vidonda mikononi. Vijana wa bodaboda wakasema anaogopa dawa ya kwenye maji. Muuza mkaa akaniambia anaitwa Mzee Nkwabi, mfugaji. Wanawe walihamia Katavi na ng'ombe, yeye akaugua njiani akaachwa hapa. Nilikusanya habari zake mji mzima, ndugu zangu, na mtu pekee ambaye sikumuuliza ni yeye mwenyewe!

Siku ya nne hakuja. Nikaogopa. Huenda tumemwacha afe kwa kanuni yangu, na kanuni yenyewe nisingeweza kuiondoa, kwa sababu mikono michafu ndiyo iliyokuwa ikiua watu. Saa nane mchana nikaenda barazani. Alikuwa amelala kwa ubavu. Nikasimama mbali, halafu sijui nini kilinipata, nikapiga goti nikamsalimia kwa Kisukuma salamu ya mchana.

"Mwadila, baba."

Akajiinua taratibu. Akaitikia, kisha akaniuliza mimi ni wa nani.

"Mimi ni Minza, baba. Binti wa Maduhu wa Kalemela."

"Aa, Kalemela. Pamba imekubali huko?"

Siku nne hajala, anaulizia pamba! Nikamwambia imekubali kiasi. Ndipo nikamuuliza, "Baba, mbona hutaki kunawa?"

Akanitazama kwa mshangao, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, nikinawa mwenyewe, nimekuja kuomba. Nikinawishwa, nimekuja kula."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nyumbani kwa baba yangu hakuna mgeni aliyeandaliwa chakula bila mtoto kumpigia goti na jagi na beseni. Mimi mwenyewe nilikuwa mtoto huyo. Jambo lile nalijua toka sijaota meno ya pili, nami nilimwekea mzee wa watu ndoo na kumpigia kelele.

Nikakimbia kuchukua jagi, beseni, sabuni na sahani ya ugali. Kurudi, nilipomkaribia miguu ikagoma. Kucha zake zilikuwa ndefu, nyeusi, na hofu yangu yote ikarudi. Nikasema, "Bwana Yesu, mimi siwezi. Nipeleke wewe." Sala fupi hiyo tu! Nikapiga goti, nikammiminia. Alinyoosha mikono yote miwili, akasugua kwa sabuni polepole, akarudia, na maji yakanirukia mikononi na usoni. Na hofu ikatoka! Haleluya! Nilisikia kifua kimefunguka, nikavuta pumzi ambayo sikuwa nimeivuta kwa wiki kadhaa. Nami nikanawa kwa sabuni, maana Yesu aliniondolea hofu, akili aliniachia.

Alikula bila kupapia, matonge madogo, hadi sahani ikaisha. "Wabeja, mayu," akanishukuru. Nililia mbele ya watu, na sikuona haya.

Kesho yake alikuja mapema kuliko wote. Akaomba jagi. Nilidhani anataka tumnawishe. Kumbe alisimama pale kwenye mstari wangu wa majivu, akawanawisha wenzake mmoja mmoja, huku akimuuliza kila mmoja ni wa nani.

Ndugu zangu, kama kuna hofu imekufungia ndani, mwamini Yesu leo. Usingoje iishe ndipo utoke. Mwambie huwezi, kisha uende.

Na leo baada ya ibada kuna chakula. Yule mzee anayesimama pale mlangoni ndiye Nkwabi. Mlipoingia, wengi mlimpita bila kumsalimia. Jagi limejaa, maji ni safi. Kunjeni mikono ya mashati, mwende mkanawishwe.