Kitabu cha Chai

Basi la Kakamega lilikuwa likiteremka kuelekea Kisumu, mwaka wa sabini na nne, na Mwalimu Wepukhulu alikuwa amejifunika uso kwa gazeti. Hakuwa amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, msichana mmoja alitaka kuchana kitabu chake cha mafunzo ya kazi, na mzee mmoja fundi, ambaye hawakujuana, alikuwa amekikamata. Jina lilisomeka jaladani: Beldina.

"Wiki nne kwa kiwanda cha kupiga chapa," Beldina alisema, "na kila siku nimeandika 'nilipika chai'. Nipeleke hii shuleni?"

"Soma hapa juu, nyathina, mtoto wangu. Imeandikwa 'Kazi iliyofanywa'. Haijauliza imefanywa na nani. Andika vile uliona herufi zikipangwa."

"Niandike uongo, Mzee? Na wakiniuliza zinapangwa aje?"

"Si umuulize fundi ukimpa kikombe! Mtu ameshika chai yako hawezi kukufukuza."

Wepukhulu aliona maneno hayo yanashinda hotuba yake yote ya kuwaaga wanafunzi, na ile ilichukua saa nzima.

"Hiyo, mwalimu ndiye angetuambia," Beldina alifoka. "Wetu hajakanyaga pale hata siku moja. Sidhani hata jina langu analijua."

Mzee akaachilia kitabu.

Nyuma ya gazeti, Wepukhulu, ambaye alifundisha shule nyingine, alianza kuwataja moyoni kwa majina wanafunzi wake saba waliokuwa wakijifunza kazi mjini. Basi liliposimama Mamboleo, alikuwa amekwama kwa jina la wa tano.