Pistoni za Kugonga

Mzee Teresio hakumjua yule mama aliyeketi naye kwenye tramu ya Torino, ila alipoona pistoni iliyotoboka mapajani mwake, mdomo ulimwasha.

"Hiyo imetoka kwenye kigari chenye turbo, mama."

"Cha marehemu mume wangu," alisema Ornella. "Naenda dukani. Fundi kasema nichague, za kawaida au za mashindano."

"Za kawaida. Za mashindano zinastahimili moto wa turbo, sawa, lakini zinapwaya. Injini ikiwa baridi zinagonga hadi mtaa mzima uamke."

"Nazijua. Ndizo alizokuwa nazo yeye, na nilimgombeza miaka yote. Alipokufa, mwanangu akaweka hizi za kimya."

"Mtoto ana akili."

"Mume wangu alikuwa akikiwasha chini ya dirisha, mimi nateleka kahawa. Injini ikipata moto, kugonga kunakoma, naepua, anapanda kunywa. Sasa kila siku kahawa inaungua."

Teresio, ambaye hakuwahi kukubali kushindwa kwenye habari za magari, alikohoa. "Lakini za mashindano zinakula oili, mama."

Tramu ilisimama. Ornella alikuwa ameshashuka, anaelekea dukani.