Pole Iliyofika Kabla ya Habari

Pale Igurusi, ukishuka garini upande wa soko la mchele, utaona kibanda cha bati chenye rangi ya njano, na mbele yake benchi la mbao za mlingoti lililokaliwa mpaka likang'aa. Hicho ndicho kijiwe cha Sizoni. Wazazi wake walimwita Ezekia, lakini jina hilo lilikufa siku alipoanza kazi ya kuwawekea watu tamthilia za Kikorea, sizoni kwa sizoni, kwenye flashi. Jioni, jua likianza kuegemea milima ya Uporoto, wenyeji wa benchi hujikusanya mmoja mmoja. Yupo Saulo wa bodaboda, anayeitwa Wakili kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi na mpaka leo hajarudi kutoka huko. Yupo Joyness msusi, ambaye hulia zaidi kwa ajili ya watu wa kwenye televisheni kuliko anavyowalilia ndugu zake. Yupo na mzee Liberatus mwenye birika la kahawa na sinia la kashata. Jioni hiyo alikuwepo pia Eveline, Mama Brayson, mfanya usafi wa zahanati binafsi iliyo nyuma ya soko. Alikuwa ametoka kazini, mtoto mgongoni, amekaa ukingoni kabisa mwa benchi. Joto lilikuwa bado halijaondoka, lakini alikuwa amejifunika kitenge mpaka shingoni ili gauni lake la kazi lisionekane.

— Nesi Zawadi afungwe! — Wakili alianza hata kabla hajakaa. — Nimeangalia mpaka mwisho. Sina maswali zaidi. Afungwe!

— Gwe Wakili, salimia kwanza watu, — Joyness alimwambia.

— Shikamoo mzee Liberatus. Mambo zenu ninyi wengine. Afungwe!

Huyo Nesi Zawadi si kwamba wazazi wake wa Korea walimpa jina hilo. Yule DJ anayetafsiri kwa Kiswahili huwa anashindwa kutamka majina yao, basi huwagawia ya kwetu. Daktari mkuu alimwita Mwakipesile, mgonjwa akamwita Rehema, na kuna mahali wanapanda treni ya chini ya ardhi yeye anasema wanakwenda Makambako. Watu walishazoea.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Rehema ni mke wa watu, ana ugonjwa ambao hataki ukweni wajue. Anamshika mkono nesi, anamwomba asimwambie mtu. Nesi Zawadi anamhurumia mno. Anamvua sweta lake mwenyewe anampa. Halafu anatoka nje ya wodi, anapiga simu kwa dada yake Rehema, anasema njooni mumsaidie mwenzenu, anateseka peke yake. Dada anakuja na ukoo mzima. Nyumba ya Rehema inavunjika.

— Kazi ya hospitali ina kiapo, — Wakili aliendelea. — Ukivaa lile gauni, mdomo unaufunga kama mfuko wa saruji. Ukifunguka tu, saruji imeganda, imeharibika, tupa!

Eveline alikivuta kitenge juu kidogo.

— Mimi namlaumu mwandishi, — alisema Joyness. — Toka mwanzo ametuonyesha dada wa watu mpole, analisha wazee uji, anampa mgonjwa sweta. Sweta lake! Kule kuna baridi kuliko Makete. Halafu mtu huyohuyo ndiyo atoe siri? Haiwezekani. Mtu mwenye huruma hawezi kufanya vile. Mwandishi aliishiwa.

— Hakuishiwa, — Liberatus alisema akimimina kahawa. — Alinunuliwa.

— Na nani, mzee?

— Na wenye hospitali zingine. Ukiona hospitali moja inachafuliwa kwenye muvi, jua ya ng'ambo ya barabara imejaa wagonjwa.

Watu walicheka. Liberatus hakucheka. Alimpa Eveline kikombe, akakumbuka kumchagulia kashata iliyo laini, maana juzi alimsikia akilalamikia jino. Eveline aliipokea kwa mikono miwili. Wema mdogo kama huo siku nyingine ungemfanya atabasamu mpaka nyumbani. Jioni ile aliiweka benchini bila kuionja.

— Mimi nawaambia Zawadi ana pacha, — alisema Wakili.

— Pacha yupi tena?

— Yule wa sweta ni mmoja, na yule wa simu ni mwingine. Angalieni nywele! Kwenye wodi amebana, kwenye simu ameachia. Joyness, wewe msusi, nywele zinaachiaje kwa dakika mbili?

— Ukitoa kibanio tu zinaachia, Wakili. Hata mahakama ya mwanzo wasingekusikiliza hapo.

— Basi hamjui ushahidi ninyi.

— Mi ninalo kubwa kuliko pacha, — Joyness alisema, akasogea mbele. — Nani kati yetu anajua Kikorea? Hakuna. Tunamsikia DJ tu. Sasa huenda pale Zawadi anapopiga simu hasemi chochote cha Rehema. Huenda ana njaa, anaagiza chakula! DJ akaona chakula hakinogi, akamwekea siri ya watu mdomoni. Na sisi hapa tunamfunga mtoto wa watu kwa ajili ya tambi!

Benchi zima lililipuka. Wakili aligonga goti lake, kahawa ikamwagika. Hata Eveline aliinua uso. Kwa muda mfupi aliitaka sana ile habari ya tambi iwe kweli. Alitamani mtu aseme kwamba alilolisema yeye wiki iliyopita, kwenye benchi hilihili, halikuwa yeye, lilikuwa sauti ya mwingine iliyowekwa juu ya mdomo wake.

— Hapana, — Sizoni alisema kutoka ndani ya kibanda, bila kuinua macho kwenye kompyuta. — Nimeiona ile yenye maandishi ya Kiingereza chini, na maandishi yanafanana na maneno ya DJ. Zawadi alisema kweli. Alisema kila kitu.

Kicheko kikashuka chenyewe.

— DJ alipodanganya ni mwishoni, — Sizoni akaongeza. — Pale Zawadi anapokwenda nyumbani kwa Rehema, anasimama mlangoni. Sisi tunamsikia anaomba msamaha weee, mpaka anamtaja Mungu. Kwenye ile ya kwao hakuna maneno. Amesimama tu. Nadhani DJ aliogopa watu wataona flashi imeharibika, akajaza.

— Hata mdomo haukuwa unacheza, — Joyness alisema taratibu. — Nilidhani macho yangu.

Brayson aliguna mgongoni. Eveline alimpigapiga makalio, akaangalia chini.

Alikuwa akipiga deki chumba cha mapumziko siku ile alipomkuta Mbuke, mke wa Nkuba, wa kule kwa wafugaji Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Amelala ameuelekea ukuta. Mimba ilikuwa imetoka. Nesi wa zamu alikuwa ameshampa dawa na kumwandikia siku ya kurudi. Mbuke hakulia. Alimwomba Eveline maji, akayanywa, kisha akamshika kifundo cha mkono akamwambia, "Dada, nyumbani hawakujua hata kama ninayo. Mbili za nyuma ziliharibika. Mama mkwe akijua na hii, ataanza tena habari za kumtafutia mume wangu mke mwingine." Eveline alimfunga kanga yake mwenyewe kiunoni, akamsindikiza mpaka njiani.

Jioni akaja hapa. Alipoulizwa mbona macho mekundu, alisema. Hakusema kwa umbea, Mungu anajua. Alisema kwa sababu Mbuke aliondoka peke yake kwa miguu, na yeye hakuona ni nani atampikia uji. Na watu hawa wa benchi, wanaocheka sasa hivi, hawakucheka siku ile. Liberatus alitoa sukari. Dereva mmoja aliyekuwa akinywa kahawa akashusha ndoo ya nyanya za Ilula. Joyness akaleta sabuni na unga. Beseni la kubebea likakosekana, Eveline akaleta la kwake la bluu, analomwogeshea Brayson.

Jumamosi, yeye akiwa kazini, wakaenda. Na kwa kuwa huku vilimani mtu haendi kwenye pole akiwa kimya, waliingia uani kwa Nkuba wakiimba pambio la kufariji wafiwa, Joyness mbele na beseni kichwani. Mama mkwe akatoka mbio jikoni, mikono ina unga, akauliza:

— Kafa nani?

Joyness alimsimulia Eveline hayo Jumapili, tena kwa kushangaa tu. Alisema yule mama ni kama alikuwa hana habari. Alisema Mbuke hakutoka ndani.

— Mwadila! — Liberatus alisema ghafla kwa sauti ya furaha.

Nkuba alikuwa amefika. Mwanaume mrefu, ana fimbo begani, na chini ya kwapa amekumbatia beseni la bluu. Alitabasamu kusikia salamu ya kwao kwenye mdomo wa mzee wa Kinyakyusa. Akaitikia, akampa kila mtu mkono, akainama kidogo kwa Joyness na kwa Eveline, kama kwao wanavyoheshimu.

— Karibu kahawa, baba.

— Asante, mzee. Sikai. Nimeleta chombo cha watu.

Ndani ya beseni kulikuwa na kibuyu cha maziwa na mchele uliopepetwa ukawa mweupe. Chombo cha watu hakirudi kitupu.

— Cha nani hiki? — Nkuba aliuliza.

— Cha Mama Brayson huyu hapa, — Joyness alisema.

Nkuba akamkabidhi Eveline beseni mikononi, kwa uangalifu, ili lisimgonge mtoto.

— Asante, mama. Unga ulifika, na nyanya zilifika. Tumekula.

Eveline aliinamisha uso juu ya mchele.

Nkuba alibaki amesimama. Aliishusha fimbo kutoka begani, akaiegemea.

— Nina neno moja, ndugu zangu. Sikuja kwa ubaya. Mke wangu ana homa toka jana. Zahanati walimwambia arudi, hataki. Nimembembeleza, hataki. Anasema huko hakanyagi tena. Mimi mwenyewe nililijua hili kwenye ule wimbo wenu, nikiwa zizini. Sasa ananiuliza kitu, na mimi sina jibu la kumpa. Ndiyo nimekuja kuwauliza ninyi. Mlijuaje?



Wakili, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alianza kufuta kahawa iliyomwagika benchini. Joyness alianza kukwangua rangi kwenye kucha yake ya dole gumba. Eveline aliona wanavyoelewa, mmoja baada ya mwingine: sweta, simu, gauni la kazi. Waliyemfunga jioni nzima alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi lao. Nao wenyewe ndio ule ukoo mzima ulioitwa ukaja, tena ukaja ukiimba.

Liberatus aliinamisha birika juu ya kikombe ambacho hakuna aliyekiomba. Yakatoka matone mawili matatu na machicha.

— Imekwisha, — alisema kwa sauti ndogo.

— Ni... mtaani, baba, — Wakili akasema mwishowe, macho kwenye mchanga. — Unajua mtaa. Habari inapita tu. Haina mwenyewe.

Alisema vile kwa kumficha Eveline. Ulikuwa uongo wa huruma, na Wakili hakuwahi kusema uongo vibaya namna ile. Joyness akaudaka haraka: ndiyo, mtaani, huwezi kujua nani kaanza. Sizoni alikuwa ametoka kibandani, naye akaitikia kwa kichwa. Wote walikuwa wamejipanga mbele ya Eveline kama watu wanavyomkinga mtoto na upepo.

Eveline akaona hakuna kitu kizito kama huruma ile waliyompa.

— Mtaa, — Nkuba alirudia. Hakugomba. — Haya. Nitamwambia ni mtaa.

Akarudisha fimbo begani, akaaga kila mtu kwa mkono tena, akashika njia ya kwenda bondeni.

Eveline alimtazama akipita duka la pembejeo. Aliona atakavyofika, atakavyoinama mlangoni, atakavyosema neno lile "mtaa", na Mbuke atakavyougeukia ukuta tena, ana homa. Mbuke hatadanganyika. Alimwambia mtu mmoja tu.

Akaliweka beseni kwenye mapaja ya Joyness, maziwa na mchele humohumo.

— Nishikie.

— Mama Brayson, kaa, — Joyness alimnong'oneza. — Yameshapita.

Eveline alikaza mbeleko. Kitenge kilidondoka begani, gauni la kazi likaonekana lote, na hakukiokota. Sizoni ndiye aliyekiokota. Alikikung'uta vumbi, akasimama nacho mkononi, hajui akifanyeje.

Eveline alimfikia Nkuba kwenye daraja la mfereji wa mpunga. Hakumwita. Nkuba alisikia viatu vya plastiki nyuma yake, akageuka. Akamtazama uso, akalitazama gauni.

Njiani Eveline alikuwa ametafuta maneno, mengi kama ya DJ. Yote yalimwisha pale. Alisimama tu, mkono mmoja nyuma umeshika mguu wa mwanawe.

Chini yao maji ya mfereji yalikuwa yanapita.

— Yupo ndani, — alisema. — Hajala.

Akageuka akaendelea na safari. Alikuwa mtu wa hatua ndefu, mtu wa kufuata ng'ombe. Baada ya hatua chache alipunguza mwendo, mpaka mwanamke mwenye mtoto mgongoni akaweza kumfuata.