Hema la Ngwali

Boti ya Makoongwe ilikuwa haijaiacha Mkoani vizuri, na Bi Mwanawema keshamjua mwenye pikipiki iliyolazwa katikati. Ni Ngwali wa Chokocho, aliyezunguka Pemba peke yake siku sita, akitembelea marafiki na kulala kwenye hema uani kwao. Ruweida, abiria mwenzao aliyekaa nyuma yao, aliacha kuchezea simu.

“Huko Msuka mwenyeji wako hakuwa na kitanda?” aliuliza bibi.

“Anacho, bi mkubwa. Lakini hema nimelinunua nilitumie.”

“Na majirani?”

Ngwali alikiri kwamba asubuhi walifika wazee watatu kusuluhisha, wakidhani mke wa mwenyeji kamkataa mgeni. Mmoja alikuja na godoro.

“Umemvunjia mwanamke wa watu heshima. Makoongwe unalala wapi?”

“Kwa Ashraf, fundi wa maboti. Ana uwanja mzuri.”

Ruweida alimwona bibi akijiweka sawa pale alipokaa.

“Ashraf kamuoa mwanangu,” alisema. “Utalala ndani.”

“Mimi nishazoea hema, bi mkubwa.”

Boti iligusa mchanga. Abiria wote walishuka, isipokuwa Bi Mwanawema, aliyekuwa kalikalia hema tangu Mkoani na sasa anavuta tasbihi, taratibu, tangu mwanzo.