Elizabeth Nyanjige Nyanda na Mahame ya Baba Yake

"Mwenyekiti, mbuzi akirudi zizini mnamfungulia. Mimi narudi kwa baba yangu, mnaniuliza nimekuja na nani!"

Maneno hayo marehemu aliyasema kwenye mkutano wa kijiji chetu cha Mwasunzula, hapa Nkoma, siku ya Jumanne tarehe 12 Septemba 1995. Alikuwa amesimama, na alikuwa ameshaambiwa mara tatu akae. Mwenyekiti wa wakati huo, Mzee Kasmiri, ambaye yupo hapa na anaweza kunisahihisha, alimjibu, "Dada Nyanjige, wewe uliolewa Mwamanyili. Ng'ombe tulikula, mambo yakaisha."

"Mlikula nyinyi," marehemu akasema. "Mimi hata utumbo sikuonja."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anadai shamba alikozaliwa, na leo tunamzika ndani ya shamba hilo. Mimi Ng'washi, binti wa kaka yake, nimepewa kazi ya kueleza alivyolipata, maana wajukuu wengi mlikuwa hamjazaliwa, na sisi tuliokuwepo kila mtu anasimulia lake.

Elizabeth Nyanjige Nyanda alizaliwa mwaka 1937 hapa hapa mlipokaa, mtoto wa kwanza wa Mzee Nyanda na Mama Kulwa. Baba yangu Luhaga alimfuata mwaka 1946. Mwaka huo huo babu aligombana na jirani juu ya mpaka. Hakwenda kushitaki kwa mtu. Alichimba mashimo manne, moja kila pembe ya shamba, akayajaza mkaa, akafukia. Mkaa hauozi wala mchwa haugusi. Kikapu cha mkaa alikibeba Nyanjige kichwani akiwa na miaka tisa, na babu akamwagiza ahesabu hatua kutoka kwenye jiwe la kusagia la mama yake hadi kila shimo, azishike, asimwambie mtu.

Kuhesabu alikuwa amejifunza mwenyewe. Kila asubuhi alipeleka mtama kuanikwa kwenye jabali, na kutoka jiwe la kusagia hadi jabali zilikuwa hatua mia mbili na sita. Alipoandikishwa shule ya misheni mwaka 1947, mwalimu alifundisha kuhesabu hadi mia. Nyanjige akamuuliza kwa nini anaishia njiani. Alichapwa. Alisoma miaka miwili tu, akatolewa kwenda kulea.

Mwaka 1956 aliolewa na Mboje wa Mwamanyili kwa ng'ombe kumi na mmoja. Walikaa muda mrefu bila mtoto, kisha mwaka 1969 wakampata Anatoli. Mboje alifariki mwaka 1972. Shemeji zake walitaka mmoja wao amrithi, wakamletea hata jina la huyo mrithi. Aliwaambia anamfahamu, ndiyo maana anakataa. Akarudi kwetu na mtoto wake.

Mwaka 1974 tulihamishwa sote kwenda kukaa kwenye kijiji cha pamoja. Nyumba ya babu ilivunjwa, ua wa minyaa ya mpakani ukang'olewa, na shamba likawa mahame, mali ya kijiji. Shangazi alipewa ekari moja ya kulima. Katika ekari hiyo alilima pamba miaka ishirini, akapeleka kwenye mizani ya ushirika, akangoja malipo kama sisi wote tulivyongoja.

Halafu mwaka 1994 wakaja wanunuzi binafsi. Pamba mizani, hela mkononi, siku ile ile. Kila mtu akataka kulima, na ardhi ya kando ya barabara, iliyokuwa ya kupita fisi, ikaanza kutazamwa kama binti aliyevunja ungo. Ndugu Imrani, mfanyabiashara wa Bariadi mjini, aliomba mahame yote ya Nyanda, ekari kumi na nne, alime na ajenge ghala la pamba. Yeye angetoa mabati hamsini ya ofisi ya kijiji. Ofisi ilikuwa inavuja. Kijiji kikakubali. Na baba yangu, simfichi, alikubali pia. Nyanjige peke yake ndiye aliyesimama.

Sasa turudi kwenye ule mkutano. Alikuwepo afisa ardhi kutoka wilayani, kijana mpole, amekuja kumpimia Imrani. Aliona kelele zinazidi, akasema kwamba anayedai mahame aonyeshe mipaka yake ya zamani, akiionyesha atasikilizwa, asipoionyesha biashara imekwisha.

"Mipaka ipi?" Kasmiri akasema. "Minyaa yote tuling'oa."

"Iko chini," marehemu akajibu.

Mkutano mzima ulimfuata. Nyasi za mahame zilikwisha kuchomwa, mbuga ilikuwa nyeusi na wazi. Alilitafuta jiwe la kusagia la mama yake kwa jembe, akalikuta limezama, shimo lake la katikati limejaa udongo. Alisimama juu yake, akatangaza kwamba kutoka hapo hadi jabali ni hatua mia mbili na sita, akaanza kutembea, anahesabu kwa sauti. Akalifikia kwa hatua mia moja arobaini na moja.

"Mia mbili na sita umeziacha wapi, dada?" Kasmiri akauliza. "Au jabali limekusogelea?"

Nakumbuka kicheko cha siku ile. Nilitamani ardhi inimeze. Marehemu aliitazama miguu yake muda mrefu. Kisha akavua kanga ya kiunoni, akaichana ukanda, akajifunga magotini juu ya gauni, mbele ya wanaume wote, akarudi kwenye jiwe. Akatembea tena kwa hatua fupi, kama bata. Mia mbili thelathini na moja. Akalegeza fundo. Mia mbili kumi na tano. Akalegeza tena kidogo. Wakati huo watu walikuwa wanalia kwa kucheka, wengine wamekaa chini. Safari ya nne alipoligusa jabali alisema, "Mia mbili na sita," akageuka.

"Hii ndiyo miguu yangu ya mwaka arobaini na sita," alisema. "Sasa nifuateni."

Kicheko kilikatika hapo hapo. Alirudi kwenye jiwe, akaelekea upande wa kilima, njia ya shimo la kwanza, akatembea na ule ukanda magotini hatua mia tatu na kumi na nne, akasimama. "Chimbeni." Walichimba hadi kiwiko, hakuna kitu. Akawaambia wapanue upande wa kushoto, baba yake alikuwa na tumbo, hakusimama sawa. Jembe lilipiga kitu kikatoa sauti kavu. Kasmiri mwenyewe aliinama akakiokota. Kilikuwa kipande cha mkaa, cheusi vile vile, kama jiko limezimwa jana. Alikisugua, vidole vikawa vyeusi. Imrani alivua kofia yake.

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Lakini pale nilishangaa. Miaka arobaini na tisa! Nyumba imevunjwa, miti imeng'olewa, serikali imepita, ushirika umepita, na mtoto wa miaka tisa bado anatembea ndani ya mwanamke wa miaka hamsini na minane, anahesabu, hajakosea. Pembe ya pili wakachimba, mkaa. Ya tatu, mkaa. Ya nne jua lilikuwa linazama, na afisa akasema anaona aibu kuendelea kuchimba.

"Mama umesoma wapi?" akamuuliza.

"Nilifika mia nikachapwa."

Afisa akafungua kitabu akaomba jina la mwenye shamba. Kasmiri akasema aandike Luhaga, ndiye mwanamume. Hapo baba yangu, aliyekuwa kimya siku nzima, akasema, "Siku ya mkaa mimi nilikuwa mgongoni, bado nanyonya. Andika yeye." Liliandikwa: Nyanjige Nyanda.

Baada ya hapo alifanya mambo yake kwa akili. Alimpangisha Imrani pembe ya barabarani, kwa maandishi, Imrani akajenga ghala lake, na mabati ya ofisi akayatoa hata hivyo. Walioambiwa "uza sasa, bei nzuri" wakauza, leo wanalima kwa kukodi. Shangazi hakuuza hata upana wa mkeka. Ekari nne alizifunga ziwe ngitili, nyasi za akiba za kiangazi, na ukame ulipokuja alifungulia ng'ombe za watu, za Kasmiri zikiwa za kwanza. Mwaka 2001 alibatizwa na kuitwa Elizabeth. Alimwambia katekista kwamba Nyanjige liendelee, ndilo lililoandikwa kwenye kitabu cha ardhi.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari na presha mwaka 2005. Alitibiwa Bariadi, na mara mbili Mwanza. Alifariki Jumamosi tarehe 14 Julai 2007, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini. Ameacha mtoto mmoja, Anatoli, wajukuu sita, vitukuu wawili, kaka yake Luhaga, na sisi watoto tisa wa kaka yake.

Limebaki jambo moja. Huwa tunatangaza kwamba anayemdai marehemu aione familia. Yeye alitangaza mwenyewe. Mwezi wa sita aliniita akasema, "Ng'washi, ile pembe ya nne haikuchimbwa, niliipanda katani ya mpaka kwa kukisia. Miaka minne baadaye nikalima kule, nikaukuta mkaa wa baba. Uko ndani ya katani, huku upande wetu. Matuta matatu ya Felisita nayalima mimi."

Felisita ni mjane, jirani yetu wa kusini. Nilimuuliza shangazi kwa nini hakusema.

"Ningesema moja, wangesema hata zile tatu nilibahatisha. Wangeninyang'anya zote. Rudisha kabla hamjanifukia."

Jana tulikwenda na majembe, Anatoli na mimi, tukamwita Felisita tukamweleza. Alitusikiliza hadi mwisho.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa upande wa pili napalilia mkaa ulipotoka kwenye jembe lake. Alinitazama, nikainama."

"Mbona hukudai, mayu, mama yetu?" tukamuuliza.

"Yeye aliandikwa, na mwaka uliofuata, kwa kumfuata yeye, mimi mjane nikaandikwa jina langu. Ningeanzaje kumpeleka barazani kwa matuta matatu?"

Alitaka tuyaache. Tukamwambia ni agizo. Akashika jembe, tukang'oa katani pamoja tukaipanda juu ya mkaa, na matuta yake akayakanyaga moja moja, matatu, akasema, "Wabeja, asante, Nyanjige. Yamefika."

Alale kwake, kwa amani.